Marekani au Ujerumani: kabla hujauliza mshahara, uliza kazi ikipungua inakuaje

Machi 2020 mi nilikuwa Marekani nafanya londri ya hoteli kubwa, na shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa Ujerumani karibu na Stuttgart kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Korona ikaingia, kazi zikasimama kwake na kwangu karibu wiki ileile. Sisi tuliitwa asubuhi kule nyuma kwenye mlango wa kupokelea mizigo, supavaiza kashika karatasi anasoma majina, ukisikia lako unahamia upande wa kulia kwenye matoroli ya mashuka machafu. Tulikuwa watu 31, alipomaliza kusoma upande wa kushoto walibaki watano. Hakuna aliyegombezwa, hakuna aliyekosea kitu, dakika 10 tu imeisha hiyo, na saa sita mchana kadi yangu ya mlango ikawa haifungui tena, ikabidi niombe mtu anitolee koti langu.

Shemeji naye akaambiwa akae nyumbani, masaa yake yameshuka mpaka sifuri, ila mkataba uko palepale. Wajerumani wanaiita Kurzarbeit, yani kazi iliyofupishwa: mwajiri anakata masaa badala ya kukata watu, na mfuko wa bima ya ajira, uleule anaochangia kila mwezi kutoka kwenye mshahara wake, unamlipa asilimia 60 ya kile alichokosa baada ya makato, na mwenye mtoto 67. Yeye ana watoto wawili kwahiyo alianza na 67, alipofikisha mwezi wake wa nne wa kulipwa hivyo ikapanda 77 maana serikali ilipandisha kwa waliopoteza nusu ya masaa au zaidi. Agosti akarudi mashine ileile, kabati lilelile, chupa yake ya chai ipo ndani kama alivyoiacha.

Toka hapo mdogo wangu yeyote akiniuliza aende wapi kubeba maboksi, na wanauliza sana, simwanzishii habari za dola na euro. Namwambia hizi nchi mbili zote zina hela, zote zina kazi, tofauti kubwa iko kwenye swali moja: kazi ikipungua inakatwa nini? Marekani wanapunguzwa watu. Ujerumani yanapunguzwa masaa. Ukilielewa hilo utaelewa kwanini ukosefu wa ajira Marekani unapanda na kushuka kama lifti na kwanini Mjerumani anafanya kazi masaa machache kuliko karibu kila mtu kwenye nchi tajiri, na hapo ndo utajua we unafaa kuishi wapi.

Angalia namba za kipindi kile. Februari 2020 ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa asilimia 3.5, Aprili ukafika 14.8, miezi miwili tu! Ujerumani mwaka ule haukufika hata 7, lakini Aprili watu kama milioni 6 walikuwa kwenye hiyo Kurzarbeit, yani kama wangekuwa Marekani wengi wao wangesomewa jina kwenye karatasi kama mimi. Mwaka 2009 pia ilikuwa hivihivi, uchumi wa Ujerumani ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5 na ajira karibu haikutikisika, wakati Marekani Oktoba 2009 ilifika asilimia 10.

Lakini sitaki kuwadanganya kwa kuonea upande mmoja. Marekani ile 2020 serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya malipo ya jimbo ya mtu aliyepoteza kazi, mpaka mwisho wa Julai, na kwa sisi wa mishahara ya chini hiyo ilikuwa kubwa kuliko tulichokuwa tunalipwa tukifua mashuka. Kuipata tu ndo ilikuwa shughuli, tovuti ya jimbo nililokuwa ilikuwa inagoma kila siku, nilipiga simu siku 11 mfululizo kabla ya kumpata binadamu. Na bima ya afya ilikatika mwisho wa mwezi, maana kule bima imefungwa kwenye kazi, kazi ikienda nayo inaenda, unaruhusiwa kuendelea nayo mpaka miezi 18 ila ulipe yote mwenyewe na sehemu ya mwajiri pia, nani anaweza hiyo akiwa hana kazi? Upande wa pili ni kwamba kazi zilirudi kwa kasi. Septemba nilishapata kazi nyumba ya wazee, mahojiano Jumatatu, kuanza Alhamisi. Kufikia mwanzoni mwa 2023 ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa umeshuka mpaka 3.4, chini ya kabla ya korona. Mlango wa kutokea uko wazi na wa kuingilia nao uko wazi, vinaenda pamoja hivyo, mwajiri haogopi kukuchukua kwa sababu anajua kukutoa ni rahisi. Sheria ya karibu majimbo yote (Montana ndo iko tofauti) inasema mwajiri anaweza kukuachisha muda wowote bila kutoa sababu, mradi isiwe sababu iliyokatazwa kama rangi au dini, na we pia unaweza kuondoka kesho.

Sasa masaa. Namba zinazokusanywa na OECD, shirika la nchi tajiri, zinasema mfanyakazi wa Marekani kwa wastani anafanya kazi kama masaa 1,800 kwa mwaka, wa Ujerumani kama 1,340. Tofauti ni masaa 460, ukigawa kwa wiki ya masaa 40 ni wiki 11 na nusu. Karibu miezi mitatu! Mtu akiona hivyo anasema Wajerumani wavivu. Njoo ufanye nao kazi uone. Mimi nilihama Marekani, nina miaka minne sasa huku Ujerumani kwenye nyumba ya wazee, nimepitia Ausbildung (mafunzo ya kazi yenye malipo) ya uuguzi, na shifti ya asubuhi ya huku hakuna kukaa, ni kuosha watu, dawa, kuandika, kuosha tena. Ila saa nane na nusu mchana ikigonga mtu anakabidhi, anavua sare, anaondoka, na bosi ndo wa kwanza kukuuliza bado unafanya nini hapa. Ratiba ya mwezi inabandikwa ukutani mapema, ukitazama unaona likizo za watu zimepakwa rangi ya njano, mistari mirefu mirefu ya wiki mbili wiki tatu, na hakuna anayeona aibu. Kule Marekani nilipoomba siku tatu za kwenda kumpokea mama uwanja wa ndege na kukaa naye, meneja alinitazama muda mrefu akasema tutaona.

Hiyo miezi mitatu inatoka wapi? Sehemu ni likizo kweli. Sheria ya Ujerumani ya 1963 inampa kila mfanyakazi wa siku 5 kwa wiki angalau siku 20 za likizo ya malipo, na sehemu nyingi kupitia mikataba ya vyama vya wafanyakazi zinatoa karibu 30. Ongeza sikukuu, kati ya 10 na 13 kutegemea uko jimbo gani. Ongeza ugonjwa: ukishamaliza wiki 4 kazini, ukiugua mwajiri anakulipa mshahara kamili mpaka wiki 6, baada ya hapo bima ya afya inachukua kwa asilimia kama 70. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Hata moja. Wanaopewa kwa kawaida wanaanza na siku 10 au 11 hivi. Uzazi sheria ya 1993 inakulindia kazi wiki 12 bila malipo, tena kama kampuni ina watu 50 na we umeshafika mwaka mmoja na masaa 1,250. Na hakuna kikomo cha masaa kwa mtu mzima, sheria ya 1938 inasema tu ukipita 40 kwa wiki ulipwe mara moja na nusu. Ujerumani kikomo kipo, masaa 8 kwa siku, inaweza kufika 10 kama wastani unarudi 8, na lazima kuwe na masaa 11 ya kupumzika kati ya shifti na shifti, hospitali na kwetu nyumba za wazee wanaruhusiwa kushuka mpaka 10.

Ila sehemu nyingine kubwa ya ile tofauti siyo likizo, na hapa ndo wengi wanapotea. Ni wafanyakazi wa nusu siku. Karibu nusu ya wanawake walioajiriwa Ujerumani wanafanya kazi nusu, na wote wanaingia kwenye ule wastani. Mjerumani wa kazi kamili anafanya zake karibu 40 kwa wiki kama kawaida. Kwanini wanawake nusu? Wengine wanapenda, lakini kuna mambo mawili yanawasukuma. Moja, chekechea sehemu nyingi hasa upande wa magharibi zinafunga mapema au nafasi hakuna, dada yangu alisubiri nafasi ya mtoto mwaka na miezi miwili. Pili, kodi: toka 1958 mke na mume wanajumlishiwa kipato na kugawanywa kwa mbili, kwahiyo yule mwenye mshahara mdogo, mara nyingi mke, akiongeza masaa anaona makato makubwa mpaka anajiuliza ya nini. Kwahiyo dada ukija huku na mume wako, lijue hili mapema, mfumo utakusukuma polepole kuelekea nusu siku, na pensheni ya uzeeni itakuja ndogo vilevile.

Na hapohapo kuna kitu kinashangaza watu nikiwaambia. Kati ya watu wa miaka 15 mpaka 64, wenye kazi Ujerumani ni kama 77 kwa kila 100, Marekani kama 72. Yani Ujerumani watu wengi zaidi wana kazi, kila mmoja anafanya kidogo. Marekani wachache zaidi wana kazi, kila mmoja anafanya sana. Kama sinia la ubwabwa, huku limezungukwa na wengi kila mtu tonge lake, kule wachache wanakula wanashiba na wengine wako nje ya mlango.

Zamani haikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani na Mjerumani walikuwa wanafanya masaa yanayokaribiana kabisa. Halafu wakaachana. Wachumi wameligombania hili. Edward Prescott, aliyepata Nobel 2004, mwaka huohuo alisema ni kodi tu, Ulaya kodi za mishahara zilipanda, mtu anaona saa ya ziada haimlipi, anaenda kupumzika. Mwaka 2005 Alesina, Glaeser na Sacerdote wakajibu kwamba kodi haitoshi, ni vyama vya wafanyakazi na sheria. Mimi nakubaliana na hawa wa pili, maana nimeishi pande zote mbili na nimeona nani anapanga ratiba. Ujerumani shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilitoa bango mwaka 1956, mtoto anasema Jumamosi baba ni wangu, kudai wiki ya siku tano. Mwaka 1984 IG Metall, chama cha wafanyakazi wa chuma na magari, wakagoma karibu wiki 7 wakidai masaa 35 kwa wiki, wakapata 38 na nusu kwanza, 35 yenyewe ikafika 1995. Hoja yao wakati ule ilikuwa ni kugawana kazi iliyopo ili wasio na kazi wapate. Shemeji mpaka leo yuko kwenye hayo masaa 35, mshahara wa kazi kamili.

Marekani nako kuna kitu kimejificha na kinaeleza mengi, ni hiyo bima ya afya. Ilianza wakati wa vita kuu ya pili, serikali 1942 ilizuia kupandisha mishahara, waajiri wakawa wanavutia watu kwa bima, na ikabaki hivyo. Sasa bima ni gharama ya kichwa siyo ya saa. Mwajiri akiwa na kazi ya masaa 60, akiajiri wawili analipa bima mbili, akimpa mmoja ovataimu analipa bima moja, kwahiyo aliye ndani anapewa masaa mpaka mgongo unalia. Chini kabisa ikawa kinyume: sheria ya Obama ya 2010 inamtaka mwajiri wa watu 50 na zaidi atoe bima kwa anayefika masaa 30 kwa wiki, basi wengine wanakupa 28, 29, usifike. Yule mama tuliyekuwa naye nyumba ya wazee, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa anaweka sare mbili kwenye siti ya nyuma ya gari, ya bluu na ya zambarau, akitoka kwetu saa tisa anabadilisha ndani ya gari anaenda kwingine mpaka saa tano usiku, sehemu zote mbili siyo mfanyakazi kamili na sehemu zote mbili hana bima. Kwenye takwimu yeye ni mtu mmoja mwenye ajira. Wenye kazi zaidi ya moja kule ni zaidi ya milioni 8.

Nikigusa takwimu basi niseme na hili kabla sijaendelea, maana watu wanalinganisha namba ambazo hazifanani. Agosti 2025 Ujerumani wasio na kazi walipita milioni 3, mara ya kwanza toka 2015, na ofisi yao ya ajira ikatangaza asilimia 6.4. Ukiweka hiyo pembeni ya namba ya Marekani utasema Ujerumani imekwisha. Lakini ofisi ya Ujerumani inahesabu waliojiandikisha, na hata mwenye kakazi ka chini ya masaa 15 kwa wiki anaweza kuhesabiwa hana kazi. Hesabu ya kimataifa inasema ukifanya hata saa moja kwa wiki una kazi, na asiye na kazi ni yule ambaye ametafuta wiki 4 zilizopita na yuko tayari kuanza. Kwa hesabu hiyo Ujerumani wakati huohuo ilikuwa karibu 3.7. Na Marekani aliyekata tamaa akaacha kutafuta hahesabiwi, wala aliyeko jela hahesabiwi, na jela za kule zina watu karibu milioni 2.

Ujerumani pia siyo paradiso ya siku zote, wazee wa huku wanaikumbuka 2005, wasio na kazi walipita milioni 5, kama 11 kwa kila 100, wakati Marekani ilikuwa kama 5. Wakati ule dunia nzima inasema Ujerumani ndo mgonjwa wa Ulaya. Kansela Schröder akaleta mageuzi 2003 mpaka 2005, yanaitwa kwa jina la Peter Hartz aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi Volkswagen: malipo ya muda mrefu ya asiye na kazi yakapunguzwa yakawa ya kujikimu tu, kazi ndogondogo na za mawakala zikafunguliwa. Ukosefu ukashuka kweli miaka iliyofuata, ila ikazaa tabaka la watu wa mishahara midogo sana mpaka ikabidi 2015 kiwekwe kima cha chini kwa mara ya kwanza, euro 8.50 kwa saa, 2025 kilikuwa kimefika 12.82. Marekani kima cha chini cha nchi nzima ni dola 7.25 toka Julai 2009 hakijaguswa, japo majimbo mengi yana chao cha juu zaidi.

Sasa nifike kwenye kitu kinachotuhusu sisi tunaotoka nje zaidi ya wenyeji. Ulinzi wa Ujerumani ni wa aliye ndani. Sheria ya kuzuia kufukuzwa ovyo inaanza kazi ukiwa umemaliza miezi 6 na kampuni ina zaidi ya watu 10. Angalia Volkswagen Desemba 2024, walikubaliana na chama kupunguza kazi 35,000 mpaka 2030, bila kumfukuza mtu kwa nguvu. Inawezekanaje? Wazee wanastaafu mapema, wengine wanalipwa waondoke, na nafasi hazijazwi. Aliye ndani kalala salama. Aliyekuwa anategemea kuingia mwaka ule, kijana kamaliza Kijerumani chake na kafungasha begi, mlango umefungwa na hakuna aliyemsomea jina kwenye karatasi, hata hajui kwamba yeye ndo ameumia. Marekani mzigo unamwangukia aliye ndani leo, Ujerumani unamwangukia anayetaka kuingia kesho. Nenda Hispania uone hili likizidi, pale kwa miaka mingi wenye mikataba ya kudumu walilindwa sana na vijana wakapewa mikataba ya muda ya deiwaka, uchumi ulipoporomoka 2008 ukosefu ukapanda mpaka 2013 ukafika 26 kwa 100 na kwa vijana zaidi ya 55. Ufaransa iko katikati, masaa 35 kisheria toka sheria za mwaka 1998 na 2000, likizo wiki 5, ila vijana wanasota mkataba wa muda baada ya mkataba wa muda kabla ya kupata wa kudumu.

Kinachoiokoa Ujerumani kwa vijana ni hiyo Ausbildung, unasoma na kufanya kazi miaka 3 hivi unalipwa, uuguzi mwaka wa kwanza kwenye taasisi za umma 2024 ilikuwa zaidi kidogo ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Ukimaliza wewe ni fundi mwenye karatasi, na karatasi huku ndo kila kitu. Bila karatasi unaweza ukawa na mikono ya dhahabu ukabaki kufagia. Marekani hawakuulizi sana karatasi, wanakuuliza unaanza lini.

Uholanzi nitaitaja kwa haraka, nusu siku ndo utamaduni wao kwa wanawake na hata wanaume wengi, mapatano ya Wassenaar ya 1982 yaliwafikisha hapo, ukosefu wa ajira uko karibu na 4, nyumba za kupanga ndo mtihani. Japani ukosefu uko kama 2.5 lakini kule wana neno lao kabisa la kufa kwa kazi, karoshi, na kikomo cha ovataimu kisheria chenye meno kimeanza 2019 tu. Sijaishi kote huko kwahiyo naishia hapo.

Turudi kwenye hela sasa. Kwenye karatasi ya mshahara ya Ujerumani mtu asiye na mke wala mtoto mwenye mshahara wa wastani anakatwa kama 37 au 38 kwa kila 100, Marekani kama robo. Mara ya kwanza nilipoona yangu nilidhani wamekosea. Lakini soma mistari ya makato moja moja: bima ya afya, bima ya ajira, pensheni, bima ya kuuguzwa uzeeni. Hiyo ya ajira ndo ilimlipa shemeji 2020. Marekani hukatwi pale ila unalipa baadaye dirishani, chekechea ya mtoto mmoja sehemu nyingi inapita dola 1,000 kwa mwezi, chuo cha mtoto, hospitali. Huku kila mtoto analetewa hela ya serikali kila mwezi, 2025 ilikuwa euro 255, na chuo kikuu cha umma karibu majimbo yote hakina ada.

Kwahiyo kama ni mimi nakushauri, nakuuliza kwanza una nani na una deni gani. Una miaka 24, huna mtoto, Kiingereza kipo, kuna deni la nyumbani linakunyima usingizi au baba anataka matibabu mwaka huu siyo miaka mitatu ijayo, na viza yako ya kufanya kazi ni halali, basi Marekani inakufaa. Ovataimu ipo, shifti ukitaka mbili zipo, hela inakusanyika haraka kuliko mahali popote ninapopajua, nilituma nyumbani kwa miaka mitatu kule zaidi ya nitakavyotuma huku kwa mitano ijayo. Ila jiwekee akiba ya miezi minne isiyoguswa, hata nyumbani wakilia, maana malipo ya asiye na kazi majimbo mengi yanaishia wiki 26 na mengine hata hayafiki hapo.

Una watoto, au unataka kuwa nao, au una afya inayosumbua, sukari, presha, sikoseli kwenye familia, njoo Ujerumani hata kama mwaka mzima wa kwanza utaumaliza na vitabu vya lugha. Mtoto akiumwa homa usiku hutapiga hesabu kabla ya kupiga simu. Mwenye miaka 45 na kuendelea ambaye hana mgongo wa kubeba, akipata njia, huku pia, ingawa lugha itamchosha zaidi.

Na kama ni Kenya, kuna makubaliano ya wafanyakazi yaliyosainiwa Berlin Septemba 2024, ila yasomwe vizuri, hayatoi kazi, yanarahisisha njia kwa aliye na sifa na lugha. Wakala akikwambia lipa utapata nafasi bila Kijerumani, kimbia.

Kitu cha mwisho kwa anayekuja huku. Miezi 6 ya kwanza kwenye mkataba karibu zote ni ya majaribio na ndani yake wanaweza kukuachisha kwa notisi ya wiki 2 tu, karibu kama Marekani. Na malipo ya bima ya ajira yanakutaka uwe umechangia miezi 12 ndani ya 30 iliyopita. Yani mwaka wako wa kwanza hujalindwa bado, uko mlangoni. Usichukue gari la mkopo mwaka huo, usisaini simu ya miezi 24, usimlete mtu, na zile barua za manjano, za mahakama na ofisi za serikali, zikija kwenye sanduku zifungue siku hiyohiyo, hata kama huelewi, mpelekee anayeelewa, kwa sababu zina tarehe ya mwisho ya kujibu.